Mashine Iliyopewa Kahawa ya Kutafuna

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mashine zinalijua hilo. Shemeji yangu, mjane wa kaka, alikuja kwangu Buhembe kwa basi la kutoka Muleba, kamshika binti yake mkono mmoja, na kwa mwingine kabeba kifurushi kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Ndani mlikuwa na diski moja nene, isiyoingia kwenye kompyuta ya kawaida, pamoja na kifaa chake cha kuisomea. Ofisi alimofanya kazi kaka ilimpa vyote viwili.

"Shemeji, kaka yako aliniambia sauti yake imo humu. Mtoto huyu hamjui baba yake hata kwa sauti."

Ilikuwa miaka ile ya Ukimwi, tunazika leo, kesho tunazika tena. Kaka alikufa binti akiwa bado ananyonya. Ningesema nini? Nikasema, "Kazi ndogo hiyo." Mdomo wangu huu!

Kompyuta yangu ilikuwa ya mtumba, nami niliiwekea Linux, mfumo wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuufumua na kuushona upya. Kioo cheusi, maandishi meupe.

"Mbona haina picha?" shemeji akauliza.

"Ni ya bure."

"Aa, ndiyo maana."

Nikachomeka kifaa. Kikalia ka, ka, ka, kisha kimya. Kumbe programu niliyoipakia ilikuwa ya vifaa vya zamani kuliko hiki. Nikabadilisha. Sasa diski ikaonekana, lakini kila nikiifungua naambiwa hakuna kitu. Majirani walishajaa mkekani, wanaiambia mashine, "Pole, waitu," kana kwamba ni mwenzetu mgonjwa. Nikawafokea. Shemeji akainamisha kichwa, na hilo liliniuma kuliko yote.

Mama akatoka jikoni na kisahani cha kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribishia mgeni. "Mgeni ametoka Muleba, mnamhoji hata kahawa hajapewa?" Akaweka punje juu ya kifaa.

"Mama, toa uchafu huo!"

"Funga mdomo wewe."

Hapo ndipo nikakumbuka: diski za aina hii hutoka kiwandani sehemu yake ya kuhifadhia ikiwa imepewa namba nne, siyo moja kama diski za watu wenye akili. Nikaandika nne. Ikafunguka. Majirani wakampigia mama vigelegele. Mimi hakuna aliyenitazama.

Sauti ya kaka ikatoka. "Mzee wangu, nimekuja mbele yako... Baba mkwe... Pumbavu! Si mkwe bado!" Akacheka, akaanza upya. Alikuwa akifanya mazoezi ya kwenda kumposa shemeji kwa baba yake.

Shemeji akashika mdomo. "Jamani! Na kwa baba alikosea palepale!" Akacheka mpaka akamwangukia mama begani, akalia, akacheka tena. Mimi nikajifanya nanyoosha waya, maana machozi yalishanizidi.

Binti akasogea hadi kwenye spika. "Nani huyo?"

"Baba yako," shemeji akamwambia. "Anamwogopa babu."

Binti akasikiliza mpaka mwisho, uso kaukunja. "Mwambieni babu amkubali."

"Alimkubali, mwanangu," shemeji akamjibu.