Tulimtukana Radi ili Wamchague

Kosa ni langu. Siku zile bunduki zilikuwa nyingi Bukavu, lakini hakuna aliyenielekezea hata moja. Niliketi kitini, nikapewa karatasi, nikaisoma nikijua ninachosoma. Najichukia!

Nitawaeleza polepole, kwa sababu ujanja wenyewe unaonekana mdogo, na ndiyo maana unawapata hata watu wenye akili zao.

Nilikuwa nasoma matangazo ya vifo katika redio moja ndogo ya mjini. Ilikuwa miaka ile ambapo vita vilikuwa vimekwisha kwenye makaratasi lakini havijaisha barabarani. Mtu akifa Bagira, hapa mjini, ndugu yake wa kijijini Walungu angejuaje? Simu zilikuwa za kuhesabu, na njia zilifungwa ovyo. Alijua kupitia kwangu, saa sita na nusu mchana. Kwa muda wa matangazo hayo jembe lilisimama shambani, na sokoni mama wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliacha kuita wateja. Hakuna aliyewahi kushuku sauti yangu. Nani atashuku sauti inayomwambia kwamba baba yake amefariki?

Vilevile nilikuwa mwanachama wa chama kimoja. Uchaguzi ulikuwa unakuja, na chama kilichotutisha kilikuwa hakijateua mgombea wake. Matawi yake yalikuwa yakutane Walungu, yachague mmoja kati ya wawili.

Wa kwanza alikuwa Maman Espérance, mkunga wa Nyangezi. Muda wote wa vita alibaki kwenye maternite yake ndogo, yaani nyumba ya kujifungulia, akizalisha kila mwanamke aliyefika, awe mke wa mkulima au mke wa askari wa adui. Alitaka kiti kwa jambo moja: serikali iilinde ile maternite, iipe dawa na maji. Tena alikuwa marraine wangu wa ndoa, yaani ndiye aliyesimama nyuma yangu kanisani nikiolewa. Kila niliponuniana na mume wangu, nilikimbilia kwake.

Wa pili alikuwa mfanyabiashara waliyemwita Radi kwa ajili ya mdomo wake. Alitaka vijana warudi kwenye mapanga, na kila aliyewahi kusalimiana na askari wageni waliotuvamia afukuzwe. Sisi tulimwona mpumbavu.

Mkuu wetu wa propaganda, Tonton Firmin, yaani mjomba Firmin kama wote tulivyomwita, aliniita ofisini.

“Sikia, maman. Espérance akipita, siye tumekwisha. Batu ba kila upande banamupenda. Lakini Radi akipita, batu ba akili batamuogopa, batakuja kwetu.”

“Sasa tumusifu Radi?”

Alicheka mpaka akakohoa. “Weye! Ukimusifu, batasema tumemununua. Tutamutukana! Batu balichoka, beko na kasirani. Waambie eko mukali sana, waambie bakubwa banamuogopa. Utaona vile batamupenda.”

“Na Maman Espérance?”

“Ule njo tutamusifu.”

Nilielewa palepale. Hapo ndipo ningesimama na kuondoka. Sikusimama! Nilisema tu, “Eko marraine wangu, tonton,” naye akajibu, “Voilà, hautamusemea mubaya ata kidogo.” Nikaona kweli, sitamsemea baya. Ona jinsi mtu anavyojidanganya mwenyewe!

Kesho yake nilisoma vifo vinne. Nikanyamaza kidogo kwa heshima, kama kawaida. Halafu, kwa sauti ileile, watu wakiwa bado wameinamisha vichwa, nikasoma:

“Wananchi, jihadharini na Radi! Ni mtu mkali kupita kiasi. Hatakubali kuzungumza na adui. Hatamsamehe aliyekula na askari wageni. Afadhali Maman Espérance, mtu mpole, ambaye sisi tunaweza kuelewana naye.” Mwisho nikataja jina la chama chetu.

Isomeni tena taratibu. Kwa sura ni tusi kwa Radi. Lakini kila neno ndilo ambalo mtu aliyechomewa nyumba alitamani kulisikia. Na ile sifa ya Maman Espérance ndiyo iliyokuwa sumu, maana wapinzani wake wakimsifu, wenzake watamwangaliaje? Nilimkaba kwa maneno matamu, tena nyuma ya marehemu wa watu! Hata kile kimya changu cha heshima nilikiuza!

Tulilirudia tangazo hilo siku kumi na mbili. Siku moja nilikuwa sokoni Bagira, nikamsikia mwuza maharage akimwambia mwenzake:

“Ulisikia? Ata ile chama ingine banamuogopa Radi!”

“Basi njo mutu wetu. Na ule mukunga wenu?”

“Acha ule! Eko wa kwao. Si banasema bataelewana naye? Batu habaelewane bure.”

“Ata ile redio ya vifo inasema.”

Nilijifunika mdomo kwa kitenge nikacheka. Nilicheka, ndugu zangu! Jioni Tonton Firmin akatununulia bia, tukagonganisha chupa.

Walungu, kwenye ukumbi wa parokia, Radi alichaguliwa kwa makofi. Maman Espérance alipoomba kusema, vijana walimzomea: “Rudi kwa marafiki yako! Kaelewane nao!” Maneno yangu yenyewe. Shahidi mmoja alinisimulia kwamba Maman Espérance aligeuza uso kama anamtafuta aliyewafundisha.

Sasa mtaniuliza, je, mliupata ushindi? Hapana! Kulikuwa na vijiji ambavyo havikuwa vimewahi kumsikia Radi. Sisi ndio tulimfikisha huko, kila mchana, kwa gharama yetu. Alipogombea nasi, alitushinda vibaya. Tonton Firmin alisema tu, “Politike njo vile,” na mwaka haukuisha akaonekana ameketi meza moja na Radi.

Lakini kabla ya ushindi huo, vijana wa Radi walikuwa wameshuka Nyangezi. Walimwambia Maman Espérance, “Ulikuwa unazalisha bibi ba adui.” Waling'oa mabati, wakabeba vitanda, wakavunja tangi la maji. Yeye akakimbilia Bagira kwa dada yake, akiwa na nguo aliyovaa tu. Wanawake wa kule wakarudi kujifungulia majumbani. Mmoja wao hakupona. Tangazo lake lilipoletwa, nilisema koo linaniuma, mwenzangu akalisoma.

Nilikwenda Bagira. Nilimkuta akichambua maharage kwenye ungo. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, nikilia.

“Minajua,” alisema bila kuacha kuchambua. “Sauti yako siwezi kuikosea. Ulikuwa unanililia mu hii mabega.”

“Maman, unisamehe.”

“Miye niko na swali moja tu. Radi mulimutukana, akapata kiti. Ju ya nini hamukunitukana na miye?”

Dada yake alitaka kucheka, akashindwa. Mimi niliendelea kulia.

“Acha kulia, mwana wangu. Ulisema mu redio, batu bakasikia. Rudia mulemule, useme ilikuwa mutego. Na useme jina yako.”

“Batanifukuza kazi, maman. Na vijana ya Radi bataichoma nyumba. Niko na batoto.”

“Ile maternite ilikuwa na batoto pia.” Akanitazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. “Siku utasema, kuja. Kabla ya ile siku, usikuje.”

Nimeacha redio, nimeacha na chama. Lakini sijasema.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi, hasa mnaoanza kazi ya sauti na kalamu. Msikate tamaa na kazi hii, ni nzuri na watu wanaihitaji. Ila mkipewa karatasi inayomtukana mtu kwa maneno yanayoamsha damu, muulizeni aliyeileta: kwa nini chama chako kinajisumbua na mgombea wa nyumba ya jirani? Akicheka, mrudishieni karatasi yake. Nanyi wasikilizaji, adui akimsifu mtu wenu mwema ghafla, msikimbilie kumtupa. Mtazameni kwa kazi yake mliyoiona kwa macho. Kila mama wa Nyangezi alikuwa ameiona, na bado tuliwafumba macho kwa siku kumi na mbili!

Msikubali mtu awaambie ni mchezo wa siasa. Iko nyumba moja Bagira, dakika ishirini kwa miguu kutoka kwangu, ambayo siruhusiwi kufika mpaka niseme kwa jina langu. Na ungamo hili, mmeona wenyewe, halina jina.