Imekaa, Dokta

Fundi wetu wa kofia za kufunika meno huongea zaidi na plasta kuliko nasi. Hulivisha kofia jino la plasta, nakala ya lile la mgonjwa, hulivua, hupuliza vumbi, hulivisha tena, na goti halitulii chini ya meza. Safari hii daktari amelichonga jino la mgonjwa kidogo mno, kiasi cha kofia ya chuma, ilhali mama wa watu ametaka kauri, ambayo ikiwa nyembamba hupasuka. Nikamwona fundi akilikwangua lile la plasta apate nafasi, kisha akaitengeneza kofia juu yake. La mdomoni limebaki vilevile. Simu ikaita.

"Fundi, imekaa? Mgonjwa yuko kitini."

Akaitazama kofia juu ya plasta, imekaa kama imezaliwa pale.

"Imekaa, dokta."

Ikapelekwa. Tangu hapo simu haijatoka mkononi mwake, na goti limetulia tuli.