Fundi viatu anayemsemea mkewe sokoni

Soko ndiyo kwanza linachangamka. Fundi viatu amesimama juu ya kreti mbele ya meza za mboga, kipaza sauti mkononi, jasho linamtiririka kama mtu anayesubiri hukumu. Chini yake, mkewe ananyoosha vidole vitatu, kisha viwili, kisha anaonyesha upande wa bomba.

"Vitunguu," anatangaza fundi. "Mafungu matatu kwa bei ya mawili. Meza ya mwisho, karibu na bomba."

Mkewe anainua kiganja juu. Maana yake, paza sauti, baba.

Huyo ndiye Mama Kipaza, aliyelitangazia soko hili kwa miaka kumi na miwili. Ukitaka kujua mchele wa nani umeshuka bei au chanjo ya watoto inatolewa lini, ulimsikiliza yeye. Miezi miwili iliyopita sauti ilimkauka. Daktari aliona kinundu kooni, akamwamuru anyamaze kabisa, hata kunong'ona marufuku, la sivyo sauti inaweza kwenda isirudi.

Kwa mtu anayekula kwa koo lake, huo ni msiba. Malipo ya tangazo moja hununua unga wa siku mbili. Ufundi viatu nao hautoshi, maana watu siku hizi, anasema mumewe, wanavaa kiatu mpaka kikate tamaa chenyewe.

"Mimi hata siku ya harusi yetu nilijibu kwa kutikisa kichwa," anasema fundi. "Lakini nilimkuta amekaa kitandani, amekipakata kile kipaza kama mtoto mchanga. Roho iliniuma. Nikasema basi, nipe mimi."

Wakati huo soko lilikuwa limeshakaa kimya wiki nzima, na wanunuzi walikiona cha moto. "Nilinunua mchele kwa bei ya juu, kumbe meza ya jirani umeshuka," anasema mama mmoja mwenye watoto watano. "Nani angeniambia? Kila muuzaji anaapa wake ndio rahisi."

Siku yake ya kwanza, fundi alimwaga mtama. Muuza nyanya, shoga wa mkewe, alimlipa amsifie bidhaa. Fundi, ambaye hajui kupamba maneno, akazitazama nyanya, akatangaza: "Hizi zimeiva kupita kiasi. Zinafaa kupikwa leo, kesho zitaoza. Mwambieni awapunguzie."

"Nikamwambia, shemeji, umeniua," anacheka muuza nyanya. "Sijamaliza kugomba, wapishi wa mikahawa wakajaa hapa. Saa nne napangusa meza tupu. Zamani nyanya kama zile nilizitupa jalalani."

Wapo waliokuwa wakimrushia Mama Kipaza ile methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Enzi za sauti yake aliwajibu papo hapo: "Kitajiuzaje, na hakuna anayejua kilipo?" Siku hizi wanamletea mumewe matangazo wenyewe.

Juzi fundi alitangaza chanjo ya bure. Asubuhi iliyofuata foleni ya kina mama ilizunguka zahanati. Mkewe alisimama kando akiitazama, machozi yakamlengalenga.

"Nikadhani koo linamuuma," anasema fundi. "Kumbe amefurahi tu kwamba wamesikia."

Wiki ijayo wanarudi kwa daktari. Fundi anakiri kwamba anaiogopa siku hiyo kuliko anavyokiogopa kipaza. Sauti isiporudi, ameshaamua: kibanda cha viatu atamwachia mdogo wake, yeye abaki juu ya kreti, mkewe chini yake akimwelekeza.

Na ikirudi, Mama Kipaza atatangaza nini kwanza?

Hafikirii hata kidogo. Anamnyooshea mumewe kidole, kisha anawageukia wateja wote na kuwapungia kiganja: hapana. Muuza nyanya anaangua kicheko. Fundi anainamisha kichwa, na kabla ya kutafsiri anakizima kipaza.

"Anasema atanitangaza mimi," anasema kwa sauti ya chini. "Kwamba huyu hauzwi."