Hodi Niliyokataa Kuiitikia

Jamani, aibu yangu hii huwa siisimulii, na wanaoijua ni watu wa Chiwanda tu kwa sababu waliiona kwa macho yao (na walioiona ni wengi, niaminini), lakini kwa vile leo mmeniuliza kwa nini sikwenda kusoma masta wakati wenzangu wote wameshamaliza, basi ngoja niwaambie, ila msinicheke sana, maana hata mimi nikianza kuisimulia kwa kucheka huwa simalizi hivyo.

Mnajua mimi ni mtu wa Kondoa. Ajira ya ualimu ndiyo iliyonipeleka Ziwa Nyasa, nikapangiwa sekondari moja ya kata huko Chiwanda, karibu na mpaka wa Msumbiji, nifundishe hisabati na kompyuta (kompyuta zenyewe zilikuwa nne, na moja kati ya hizo kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wanafunzi kompyuta iliyokufa inafananaje). Nikapanga nyumba ya vyumba viwili jirani na mama mmoja mjane, mtu mzima, tukimwita Bibi Nombo. Huyu bibi kila asubuhi, kabla sijatoka kwenda shule, alikuwa anasimama mlangoni kwangu anaita, "Hodi, mwanangu, umeamka salama?" nami naitikia, "Karibu Bibi, shikamoo," yeye anasema marahaba halafu anaondoka zake bila hata kuingia. Mwanzoni nilidhani ni mazoea ya wazee tu. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba mwaka mmoja kabla sijafika, mwalimu kijana aliyetoka mkoa wa mbali kama mimi alikufa kwa malaria peke yake ndani ya nyumba mtaa huohuo, na akakutwa baada ya siku mbili, na Bibi Nombo ndiye aliyekuwa anapita mlangoni kwake siku zote hizo mbili akidhani kijana kasafiri. Tangu hapo mtaa ulijiwekea utaratibu wake: mtumishi anayeishi peke yake apigiwe hodi, na akipigiwa mara tatu asipoitika, waitwe watu.

Sasa, kuhusu masta. Kulikuwa na ufadhili wa walimu wanaotaka kusomea shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, na ili uupate ilikuwa lazima ushinde mtihani wa kujiunga. Nilikuwa nautaka mno ule mtihani. Nilikuwa nimechoka kufundisha kompyuta kwa kuchora kompyuta ubaoni. Mara ya kwanza nilipoufanya nilimwambia kila mtu, nikaombewa kanisani Jumapili mbili mfululizo (mimi Mwislamu, nilikuwa naswali kwangu, lakini Katekista alisema dua haichagui), Mkuu wa shule akanitangaza mstarini, na Bibi Nombo akanichinjia kuku wa kuniaga kabla hata majibu hayajatoka. Nikafeli. Mwezi mzima watu walikuwa wananipa pole njiani kana kwamba nimefiwa, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, kwa unyenyekevu kabisa, akaniuliza, "Madam, kwani huo mtihani wenu ulikuwa na hesabu?"

Kwa hiyo mara ya pili nikaamua sitamwambia mtu. Na mara ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho, kwa sababu ufadhili ule ulikuwa na kikomo cha umri na mimi nilikuwa nakaribia kukivuka. Nikikosa, basi tena.

Nilisoma, jamani. Kila Jumamosi ya pili nilikuwa naamka mapema napanda gari kwenda Mbinga, maana kule mtandao ulikuwa na nguvu, napakua mitihani ya miaka iliyopita, nachapisha pale steshenari karibu na stendi, halafu narudi jioni na bahasha kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Watu wakaanza kusema Madam ana mchumba Mbinga, tena Mmatengo mwenye shamba la kahawa, na mimi nikawaacha waseme kwa sababu mchumba wa uongo alikuwa afadhali kuliko kufeli kwa kweli. Ukuta wa chumbani niliubandika makaratasi mpaka karibu na dari. Siku moja Bibi Nombo aliingia kuniletea usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, akasimama mbele ya mchoro wa mti wa data, ule ambao kila nukta inagawanyika mara mbili, akauangalia muda mrefu, akaniuliza kama ule ni ukoo wetu. Nikasema ndiyo, Bibi, ni ukoo. Akausogelea akahesabu kwa kidole, kisha akasema, "Mbona kila mtu ana watoto wawili tu? Kwenu mnazaa kwa mpango kweli." Nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini sikumwambia ukweli, na hapo ningeweza kumwambia tu.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa mtandaoni, unaufanyia mahali ulipo, na msimamizi anakuangalia kupitia kamera. Masharti yalikuwa makali: uwe peke yako chumbani, usiongee, usiinuke, usiangalie pembeni, ukikosea mara ya kwanza unaonywa, mara ya pili mtihani unafungwa. Ungefanyika Jumanne saa nne asubuhi, siku ya kazi. Ningeweza kwenda kwa Mkuu nikaomba ruhusa kama mtu mzima. Badala yake nikachukua simu nikamwandikia hivi: "Mkuu, samahani, naumwa malaria kali, hata kusimama siwezi." Ile "hata kusimama siwezi" niliongeza mwenyewe, hakuna aliyeniomba.

Asubuhi ile Bibi alipiga hodi kama kawaida na nikaitika vizuri tu. Akaenda shambani kwake. Mimi nikafunga mlango kwa komeo, nikavuta pazia, nikaunganisha modemu, betri ya sola imejaa, bando limejaa, nikakaa. Saa nne kamili maswali yakafunguka, na jamani, nilikuwa nayajua. Sijui niwaeleze vipi. Swali la kwanza nalijua, la pili nalijua, la tatu nililifanya Mbinga nikisubiri gari. Kosa langu lilikuwa moja, kwamba mimi nikipiga hesabu midomo inacheza, na msimamizi akaandika kwenye kioo: onyo la kwanza, usiongee. Nikafunga mdomo, nikakaa wima, macho mbele, jasho linanitoka, nikaendelea.

Kumbe kule shuleni Mkuu alimwambia mwalimu wa zamu, mwalimu wa zamu akawaambia wanafunzi hakuna kipindi cha hisabati kwa sababu Madam yuko hoi, na wanafunzi walipotoka mapumziko habari ikafika shambani kwa Bibi Nombo. Bibi akaacha jembe palepale, akaja kwake akapika uji, akaja nao.

"Hodi."

Nikanyamaza. Ningesema neno moja tu, "karibu", mtihani ungefungwa.

"Hodi, mwanangu. Nimesikia unaumwa."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimebakiza maswali kumi na moja.

"Hodi!"

Ya tatu ilikuwa na sauti nyingine kabisa, na nilijua ya tatu maana yake nini, ila nikajidanganya kwamba atafikiri nimelala. Nikasikia miguu inazunguka nyuma. Pazia langu lilikuwa na mwanya, na kupitia mwanya ule Bibi aliniona nimekaa wima kwenye kiti, macho yamekodoka, sipepesi, sigeuki, uso umelowa jasho, mwanga wa bluu usoni. Mngefikiri nini nyie? Akapiga yowe.

Yowe la kule halipigwi ovyo. Walitoka watu kwenye mihogo, wakatoka watu ufukweni walikokuwa wanaanika usipa, nikasikia nyumba yangu inazungukwa, mtu anasema leteni kitanda, mtu anasema tayari huyo ameshakakamaa (mimi huyo, nikiwa swali la tisini kati ya mia), na mimi, badala ya kuinuka na kuwaambia jamani niko hai, nikaongeza kasi. Nilitaka niwahi. Nilijibu maswali manne wakati Katekista anapiga mlango kwa shoka, na la tano nikalichagua jibu mlango ukianguka.

Wakaingia wote. Mbele Katekista na shoka, nyuma yake Bibi Nombo na sufuria la uji, nyuma yao wanaume wawili na kitanda cha kamba, na akina mama wameshajifunga khanga viunoni tayari kwa msiba. Kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimeshanyanyuliwa na kiti changu, mkononi nimeng'ang'ania kipanya cha kompyuta, waya unavutika. Nilipogeuka kioo kilikuwa kimeandika: mtihani umefungwa, kuna watu wengine chumbani.

"Nishusheni!" nikapiga kelele. "Nishusheni, siumwi!"

Wakanishusha. Mara nikasikia pikipiki, Mkuu wa shule akaingia akitweta, nyuma yake nusu ya kidato cha tatu, akaniangalia nilivyosimama kwa miguu yangu miwili, akaangalia kompyuta, akaangalia ukuta wote wa makaratasi.

"Madam," akasema taratibu, "si ulisema hata kusimama huwezi?"

Watoto wakaanza kucheka, mmoja kwanza, halafu wote. Hapo ndipo ningeinamisha kichwa niombe radhi yaishe. Lakini nilikuwa nimeikosa masta kwa maswali sita, na aibu ilikuwa imenipanda kichwani, nikatafuta mtu wa kummwagia, nikamgeukia pale aliposimama na sufuria lake.

"Nani alikutuma? Kila siku hodi, hodi, hodi! Mimi si mtoto wako! Niache nipumue!"

Uji ulikuwa umemmwagikia Bibi Nombo miguuni, na sijui kama ulikuwa wa moto, sikuuliza.

"Nilidhani umekufa," akasema. "Nisamehe, Madam."

Akaliweka sufuria chini, akatoka, na watu wakampisha.

Niliandika barua ya kuomba nafasi nyingine, nikaeleza kila kitu, hata shoka. Wakanijibu kwa adabu kwamba wanasikitika, masharti ni masharti. Mkuu akanipa barua ya onyo, nayo niliistahili. Wanafunzi kwa miezi wakawa wanaugua "malaria ya Madam" kila siku ya jaribio. Hayo yote niliyabeba, yanabebeka. Mlango Katekista alinitengenezea mwenyewe na hakutaka hata asante.

Kwa Bibi Nombo nilikwenda wiki ileile na khanga na sukari, nikapiga magoti, nikalia, nikamwambia yote, mtihani, umri, uongo, mpaka ule ukoo wa uongo ukutani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniinua, akanipa ugali nikala, akasema yameisha, Madam. Na kweli hakuwahi kulitaja tena wala kuninunia. Tukikutana kisimani nampa shikamoo anaitikia vizuri. Ila asubuhi hakuja tena mlangoni kwangu, na "mwanangu" sikuisikia tena, na mimi sikujua namna ya kuiomba, maana ungeanzaje, umwambie mtu niite mwanao wakati ulimkataza mbele ya kijiji kizima?

Sasa sikieni hili, halafu niacheni.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja mchana, nilikuwa ndani nasahihisha madaftari. Nikasikia miguu ya watu wengi inapita mbele ya nyumba yangu, lakini polepole, na sauti zimeshushwa, nikasema hao labda wanakwenda mnadani. Sikuinuka. Jumatatu, mama mmoja jirani, Mama Flora, akaniuliza kama nimeshakwenda hospitali kumwona Bibi Nombo. Nikashtuka, nikauliza anaumwa nini. Akasema alianguka shambani, upande mmoja umelegea, wakambeba kwenye kitanda cha kamba mpaka barabarani kulikokuwa na gari.

"Mlipita mbele ya mlango wangu," nikamwambia. "Nilikuwepo. Mbona hamkuniita?"

Mama Flora akaangalia chini. Akasema walitaka kuniita, ila Bibi mwenyewe, na ulimi wake ule mzito, aliwazuia. Aliwaambia pitieni taratibu, msimgongee Madam, labda yuko kwenye mtihani.

Bibi alirudi baada ya wiki tatu, anatembea kwa fimbo, na mkono wa kushoto haujarudi vizuri mpaka leo. Tangu arudi, mimi ndiye ninayekwenda mlangoni kwake kila asubuhi kabla ya shule. Napiga hodi, nangoja. Masta sitasoma tena, nimeshakubali, na ugonjwa sitausingizia tena maisha yangu yote, hata niwe nimechelewa vipi. Ananiitikia, "Karibu, Madam," na mimi naingia.