Kuni za Msiba wa Fundi

Habari ya kifo cha fundi wangu wa nguo ilinikuta sokoni Masasi, nikibishana na muuza dagaa. Mkewe ndiye aliyepiga simu, na hakuzunguka: "Shemeji, mtani wako ametutoka asubuhi hii." Wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka. Ndiye yule fundi cherehani wa Kitangari niliyewahi kumtania humu kwamba mikono yake hushona suruali huku akili iko kwa kima. Aliongoza kikundi cha watu wa kujitolea wanaolinda msitu wa mteremkoni, pale uwanda wa Makonde unapokatika na kushuka bondeni. Hakuna aliyewalipa kwa kazi hiyo. Chini ya msitu kuna chemchemi, na kwa watu wa huko, ambao maji kwao ni safari, chemchemi haichezewi. Ndani ya msitu wamesalia kima, paa wachache, na sange, kile kijinyama chenye pua ndefu kinachochakura majani makavu kutafuta wadudu. Nilimpenda sana mtu yule, na nilimchoka pia, maana hukuweza kupimwa shati kwake bila kuhubiriwa habari za sange.

Alikuwa na mtindo wake. Aliyekutwa anakata mti mbichi hakupelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Fundi alimnyang'anya panga, akalitundika barazani kwake juu ya cherehani, na mwenye panga alitakiwa aje kulidai mchana kweupe, wateja wakiwa wamejaa. Siku moja nimesimama pale napimwa kiuno, akaja mzee mmoja mwenye heshima zake, akajifanya anaulizia vitambaa. "Karibu, baba," fundi akamwambia kwa adabu zote. "Panga lako lilikuwa linakuulizia. Linasema huku barazani joto limezidi." Baraza zima likaangua kicheko, mzee naye akashindwa kujizuia, akachukua chake akaenda. Wengi waliacha kukata kwa sababu ya aibu ile ndogo, na wakabaki marafiki wa fundi. Mimi nimekaa na wakubwa wengi wenye mihuri ambao hawajawahi kupata matokeo ya namna hiyo.

Lakini kulikuwa na jambo moja alilolegeza. Kikundi kilipoanza, wanakijiji waliuliza mkutanoni: je, mtu akifiwa? Msiba kwetu ni watu wengi na masufuria makubwa, na kuni za msituni zinawaka vizuri kuliko matawi ya mkorosho, ambayo moshi wake huumiza macho na kuingia kwenye wali. Fundi akakubali kwamba kuni za msiba zisizuiwe. "Ningefanyaje, mtani?" aliniambia. "Ningewakatalia wafiwa, kikundi kingekufa siku ileile." Sidhani kama alikosea wakati ule. Tatizo ni kwamba ruhusa ile ilianza kunenepa. Baada ya msiba ikaja arobaini, kisha kumbukumbu ya mtu aliyekwisha kuzikwa zamani, kisha hata sherehe za jando, kwa hoja kwamba na huko pia watu wanakusanyika na wanakula. Kila shoka lilijipatia marehemu wake. Fundi aliliona hilo, na likamnyima raha. Alitaka kulirudisha mkutanoni, ila kila mkutano ulipoitishwa alikuwapo mtu aliyetoka kuzika, na nani angezungumzia kuni mbele ya macho mekundu? Akaahirisha, akaahirisha tena, mpaka zamu yake ikafika.

Nilipanda Kitangari na shangazi yangu. Sisi ni Wamakua, kwa hiyo ni watani wa Wamakonde, na msibani mtani ana ruhusa ya kufanya vituko ambavyo mwingine angepigwa. Tulipofika tu, vijana walikuwa wanapandisha magogo kutoka mteremkoni. Yalikuwa mabichi, utomvu bado unachuruzika, na wenzake fundi wa kikundi waliyatambua: yalitoka kandokando ya chemchemi. Wakayapisha yapite. Vijana wale hawakuwa na ubaya wowote. Walitoka jasho kwa mapenzi, wengi wao sare zao za shule alizishona yeye, na walitaka apikiwe msiba wa kishujaa. Ndipo shangazi akachukua futi ya marehemu, akaivaa shingoni, akapanda juu ya magogo na kuanza kuyapima. "Huyu mnene kiuno, kitambaa hakitoshi!" akapiga kelele. "Haya, leteni mapanga yote hapa. Mkiyataka, mfuateni mwenyewe huko alikokwenda!" Watu wakacheka kama inavyopasa. Kisha kicheko kikapungua, kikaisha, na kila mtu akawa anatazama magogo.

Mjane akatoka ndani, jambo ambalo mjane hatarajiwi kulifanya. "Kuni hizi zisiwashwe," alisema. Mjomba wa marehemu, ambaye kwa mila zao ndiye mwenye msiba, akamgeukia. "Mama, watu wametoka mbali. Watakula nini?" Akajibu, "Kateni matawi ya mikorosho yetu, baba. Wali utanuka moshi, lakini utaiva." Chakula kilichelewa mno, na kweli kilinuka moshi. Nilikuwa nimekaa na wanaume nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe: mwanamke huyu roho yake mbaya, amemfanyia mumewe msiba wa kimaskini.

Tangu siku ile sina amani. Mchoma mkaa anayekuja na lori kutoka mbali ni adui rahisi, tunampigia kelele pamoja na usiku tunalala vizuri. Huyu wa kwetu, mwenye machozi, anayekata kwa sababu anampenda aliyekufa, tunamzuiaje? Na si msituni tu. Nimeona barabara, visima na shule zikiharibika hivyohivyo, kwa neno la "leo tu" na "huyu ni mwenzetu", linalosemwa na watu wema wasiotaka kumuumiza mtu. Upole wetu una gharama, na anayeilipa si sisi tulio wapole.

Arobaini ilipopita, mjane alichukua nafasi ya mumewe na kuomba ruhusa ile ifutwe. Mkutano ulikubali kwa kunung'unika. Haukupita muda jirani yake akafiwa na mama, na vijana wakashika njia ya mteremkoni kama kawaida. Aliwakuta njiani akawarudisha, kisha akapeleka msibani mzigo wa kuni za mikorosho yake, kichwani mwake. Kuni zilipokewa na kupikiwa. Juzi nimemtembelea, tukaongozana kwenda dukani. Kila mama mtu mzima tuliyepishana naye, mjane alimwamkia: "Shikamoo, mama." Mmoja alitazama pembeni, mwingine alijifanya anafunga khanga. Hakuna aliyeitikia marahaba. Nikamuuliza anawezaje. "Maji bado yanatoka, shemeji," akasema, akapunguza mwendo, maana mbele yetu alikuwa anakuja bibi mwingine.

Mimi nilidhani kulinda msitu kunataka miguu. Kumbe kunataka mtu anayeweza kuwasalimia majirani zake asubuhi bila kuitikiwa, na kesho yake akawasalimia tena.