Mpishi wa Ndege Mbovu

Baba yangu alinikatalia wanaume wawili kwa sababu ya rubani ambaye hayupo duniani. Wa kwanza alikuwa na shamba la mpunga Mubuku, pikipiki yake mwenyewe na meno yote mdomoni. Kosa lake ni kusema, tena ameketi kwenye kiti chetu, kwamba tamthilia ya huyo rubani ni ya watoto. Wa pili alisinzia pale ndege inapoanguka. Simlaumu sana, maana ndege ile huanguka kila wiki, tena kwenye kilima kilekile, na kila mara rubani anatoka kwenye moshi nywele zimechanwa vizuri.

Hebu niueleze ugonjwa wenyewe. Kila Jumamosi mchana, hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, wazee wenye akili zao, watu wenye kahawa Kyarumba na wajukuu shuleni, huingia kwenye kibanda cha video wamejifunga leso nyekundu shingoni kama huyo rubani. Yumo katekista. Yumo tajiri wa malori, Mwislamu wa swala tano, ambaye dereva wake akichelewa kidogo anafokewa mpaka Wakongo wanasikia, lakini Jumamosi lori lake linasubiri mpaka rubani ammalize mamba. Mamba ni wa mpira. Mshono unaonekana tumboni. Wazee wanapiga kelele, "Kimbia, afande!" Mwisho wa kila sehemu watu wa ile ndege husimama mikono kiunoni wakicheka, sijui wanacheka nini, na wazee wetu nao wanasimama mikono kiunoni, wanacheka. Mimi nauza vitenge sokoni, nilikuwa nawasikia mpaka kwenye meza yangu. Aibu nilibaki nayo mimi, maana wao hawakuihitaji.

Picha yenyewe ni ya Kiingereza, lakini pale hakuna anayeisikiliza hivyo. Kuna vijei, fundi pikipiki siku nyingine zote, anayekaa pembeni na maikrofoni, anapunguza sauti ya picha na kusema kila kitu yeye mwenyewe: rubani, daktari, maadui, mpaka injini inapokohoa. Anasema kwa Kiswahili chetu hiki cha mpakani, na akikasirika anahamia Kikonzo.

Mama yangu alikuwa akiuza chai na mihogo ya kukaanga mlangoni pa kibanda hicho. Alipofariki sikutia tena mguu pale. Baba yeye, matanga yalipoisha tu, alirudi, na hakukosa Jumamosi hata moja. Nilimkasirikia kwa hilo, tena sana. Nilisema moyoni, mtu amezika mke, anakwenda kucheka na mamba wa mpira.

Kisha Mungu, kwa kuona haitoshi, akanipa mwanaume wa tatu, fundi umeme wa Kasese, na huyu nikampenda kweli. Tulipozoeana nikagundua na yeye anaumwa ugonjwa uleule. Aliitazama tamthilia kwenye simu, kwa Kiingereza chake cha asili, na alikuwa kwenye kundi la watu wasiojuana hata sura, wanaotumiana picha za leso ya rubani tangu asubuhi. Watu wazima! Wenye kazi! Lakini nilimshukuru Mungu hata hivyo. Kama baba angemkataa na huyu, nisingekuwa na moyo wa kuleta mwingine.

Nikampeleka kibandani Jumamosi. Alifika na leso nyekundu mpya, mikunjo ya dukani bado iko. Baba alivyoiona uso ukamng'aa. Akamshika mkono, akampitisha kwa wazee mmoja mmoja, ungedhani tumeletewa askofu.

"Huyu mutoto anajua vitu," baba alisema. "Muulizeni ndege ilianguka wapi mara ya kwanza."

Wakamuuliza, akajibu. Wakamuuliza jina la mbwa wa daktari, akajibu, na katekista akampigia makofi. Mimi nilikaa nyuma nikichagua kichwani kitenge cha sherehe.

Picha ikaanza. Kwenye ile ndege kuna mpishi, mama mnene mwenye mwiko, ambaye sikuwahi kumtilia maanani. Rubani aliingia jikoni na damu shavuni, ametoka kupigana na jeshi zima peke yake, akanyoosha mkono kwenye sufuria. Vijei akabadilisha sauti.

"Wee! Mukono hiyo imetoka wapi? Nenda unawe kwanza! Na hiyo sombe iko ya watu, haiko ya panya!"

Nilishtuka mpaka nikashika benchi. Ilikuwa sauti ya mama. Haikuwa mzaha wa kumwiga. Ilikuwa yeye kabisa, na ile pumzi aliyovuta kabla ya kumgombeza mtu, na ile "wee" ya puani aliyokuwa akiwarushia wazee hawahawa wakigusa mihogo na mikono yenye vumbi. Kibanda kizima kikacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha watu waliomkumbuka. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anatabasamu ndani ya leso yake.

Na hapo mchumba wangu, mjuzi wa wajuzi, akainua sauti.

"Samahani wazee, hapo amekosea. Mpishi hasemi hivyo. Anasema tu chakula tayari. Tena hiyo siyo sombe, siyo majani ya muhogo, ni nyama ya kopo."

Jamani! Nimeona watu wengi wakiharibu mambo kwa ujinga, lakini kuyaharibu kwa ujuzi ni kipaji. Vijei akazima maikrofoni. Picha ikaendelea, watu wanafungua midomo bure. Tajiri wa malori akasema polepole, "Astaghafirullah." Baba akainuka, akatoka nje, wala hakunitazama.

"Nimesema nini?" mchumba akaninong'oneza.

"Yule mpishi ni mama yangu," nikamwambia.

Nikalia palepale, mbele ya mamba na katekista. Nililia kwa sababu nilijua mwanaume nimemkosa, na kwa sababu sasa nilijua baba alikuwa akienda kumsikiliza nani Jumamosi zote zile. Mchumba hakusubiri nimalize. Alitoka nje, nikamfuata nikijifuta kamasi.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, pale mama alipokuwa akiweka jiko lake la makaa.

"Mzee, nisamehe," mchumba alisema. "Sikujua."

Baba alimwacha asimame juani vya kutosha. "Kwa ile yako ya Kasese," akauliza mwishowe, "mupishi anasema nini?"

"Si mengi, mzee. Chakula tayari. Siku nyingine haonekani kabisa."

"Basi yako iko na hasara. Vitu vyote iko sawa, na mutu hakuna."

"Nilikuja kujulishwa kwa wazazi wote wawili," mchumba alisema, "na mmoja nimemkatiza akiongea. Naomba turudi ndani, nimsikilize."

Nilichukia kidogo kwamba amesema vizuri hivyo, maana msemaji wa familia ni mimi. Baba alirudi ndani, tukamfuata bila kujua kama tumesamehewa au tunapelekwa kufukuzwa mbele ya watu. Vijei akawasha maikrofoni, akairudisha picha nyuma mpaka jikoni, akaisimamisha pale mpishi anapogeuka na mwiko wake. Akamtazama mchumba wangu kuanzia leso mpaka viatu. Kisha akavuta ile pumzi.

"Na huyu mugeni, nani amemuleta?"

Wazee wote wakanigeukia. Mimi, niliyewacheka watu hawa kwa kupigia kelele televisheni, nikasimama.

"Ni mimi, mama. Anataka kunioa."

"Na wewe unamutaka?"

"Namtaka, mama. Namtaka sana."

"Na muzee wangu anasema nini?"

Rubani alikuwa ameganda kwenye kioo, mkono juu ya sufuria, na hakuna aliyecheka. Kisha baba akavua kofia, akamtazama yule mama wa mwiko, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tumzike mama:

"Nimekubali, mama watoto. Nimekubali."