Aliyeketi Mbele ya Mtumbwi

Hili sikuhadithiwa. Lilinipata mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja pombe wala sikuwa na homa. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza.

Upande wa Kirewa, ndani ya msitu, kulikuwa na bwawa dogo, miti imelizunguka hata upepo haulifikii. Mume wangu Obbo ndiye aliyenionyesha tulipooana. Alichonga mtumbwi wa watu wawili, yeye mbele na kafi, mimi nyuma na ndoano, tukivua kambare, tukizunguka tu bila haja ya kufika popote. Kisha vita vya Mwingereza vikamchukua. Aliingia Keya, jeshi lao, akapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, ikawa kimya.

Siku moja nilimwacha binti yetu Achieng kwa mama mkwe, nikaenda kuvua peke yangu. Nikasukuma mtumbwi, nikaketi nyuma, nikainama kutia chambo. Kuinua macho, mtu ameketi mbele, amenipa mgongo, anapiga kafi. Mgongo wa mumeo utaukosea?

Lakini niamini: upande wake mtumbwi haukuzama hata kidogo. Ulikaa juu ya maji kama hakuna mtu.

"Baba Achieng," nikasema, "umerudi?"

"Nakuja kuona bwawa tu," akajibu bila kugeuka.

Sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Tulizunguka, nikimweleza habari za nyumbani, naye akiguna kama zamani. Alipoelekeza mtumbwi ukingoni moyo ukanipasuka.

"Usinishushe. Twende wote huko unakokwenda."

Akaacha kupiga kafi. "Na Achieng leo atalala na nani?"

Nililia. Nikashuka, maji yakanifika magotini. Kugeuka, mtumbwi mtupu. Kafi limelala ndani, kavu kabisa.

Vita vilipokwisha, askari mwenzake, mtu wa Merikit, alirudi, akatuambia Obbo alizikwa huko huko Bama, mvua za mwaka ule ule niliomwona bwawani. Shemeji akataka kunirithi, kama ilivyo desturi. Nikakataa. Walisema nina kiburi. Ningewaambia nini?

Msitu umekatwa sana siku hizi, lakini bwawa lipo. Wewe mwenye mtu aliyekwenda mbali, usiende pale peke yako. Hatakudhuru, hapana. Mimi nilimwomba wangu anichukue, akanikatalia. Wako je, atakukatalia?